Nimeonyeshwa Vespa Sprint iliyolala stoo Pangani. Ninunue? Na ni nini kilikuwa kinaizima?

#1 Barabara12
Wakuu salaam.

Kuna Vespa nimeonyeshwa Pangani, imo stoo nyuma ya nyumba ya marehemu mwalimu mmoja. Mjane wake anataka laki nane. Nimeiangalia kwa tochi tu maana imezungukwa na magunia na nyavu kuukuu. Namba ya bodi inaanza na VLB1T, taa ya mbele ni ya duara, rimu ni za inchi 10. Kiki haishuki hata kidogo. Bati la kuwekea miguu limetoboka kulia, chini ya pedali ya breki, unaona sakafu. Tenki ukilifungua linatoa harufu ya petroli iliyooza. Kadi ipo, ya zamani, kwa jina la marehemu.

Kutu hainitishi sana. Kinachonisumbua ni maneno ya bi mkubwa: mumewe aliiegesha kwa sababu asubuhi ilikuwa inawaka vizuri, anatoka Pangani kwenda Tanga, akifika Kigombe inazima. Akikaa chini ya mti ikapoa, inawaka tena. Mafundi walihangaika nayo, mwisho mzee akahamia kwenye daladala.

Nataka kuifufua niitembelee mwenyewe, si kuiuza. Ninunue? Na wenye uzoefu, huo ugonjwa wa kuzima ikipata moto ni nini?

#2 Mpiga_Spana
Kondensa. Uzi ufungwe.

#3 Kapteni_Mnazi
Laki nane kwa chuma kilichokwama? Ongezea upate Boxer iliyotumika, kesho yake upo barabarani unaingiza hela.

#4 Barabara12
#3 mkuu, Boxer ninayo tayari, ndiyo inayonilisha. Hii ni ya moyoni.

#2 fafanua basi, wengine tunajifunza.

#5 Mpiga_Spana
Haya. Sprint inatumia pointi (swichi ndogo inayokata umeme ili cheche itoke) na kondensa (kidude kinachohifadhi umeme kidogo pointi zikifunguka), na vyote vimekaa ndani nyuma ya flaiwili, lile gurudumu zito linalozunguka na injini, pale pale kwenye joto la injini. Kondensa ikizeeka, utando wake wa ndani huanza kuvujisha umeme ukipata moto. Cheche inageuka kuwa ya njano hafifu, pointi zinaungua, injini inamisi kisha inazima. Ikipoa inarudi nzima, na fundi akiipima asubuhi haoni kitu. Ndiyo maana mafundi wa mzee walishindwa, walikuwa wanaipima ikiwa baridi.

#6 Gerezani_Tena
Kondensa inasingiziwa sana. Mie naanza na kizibo cha tenki. Kile kizibo kina tundu dogo la kupitisha hewa. Mtu akipaka rangi au akibandika mpira usio wake, tundu linaziba. Petroli ikishuka, tenki linavuta upepo kwa ndani na petroli inagoma kutoka. Unatembea kilomita kadhaa, kabureta inakauka, inazima. Ukikaa dakika chache hewa inapenya polepole, inawaka. Wewe unasema "imepoa", kumbe imepumua.

Kipimo chake ni bure. Ikizima, fungua kizibo hapo hapo. Ukisikia "fsss", umepata jibu, funga kizibo uwashe.

#7 Mlandege_Boy
Assalaam alaikum. Ndugu zangu wa bara mwatupita mbio. Huku Unguja hivi vyombo tunavyo hadi leo, Mji Mkongwe wote wasikia mlio wake, na ugonjwa huu naujua.

Injini ya Vespa ni ya mchanganyiko, petroli na oili pamoja, na ule mchanganyiko wapita ndani ya kasha la kranki, yaani mhimili unaozungushwa na pistoni, kabla ya kupanda juu ya pistoni. Kwa hiyo lile kasha lazima lishike upepo. Pande mbili za kranki zina sili, mipira ya kuzuia hewa na oili isipite. Sili ya upande wa flaiwili ikikauka, injini yavuta hewa ya ziada: mchanganyiko unakuwa mwepesi, silinda yapata moto kupita kiasi, pistoni yaanza kubana, chombo chazima. Kikipoa pistoni yarudi saizi yake, chawaka. Sili ya upande wa klachi ikichoka, injini yanyonya oili ya giaboksi na kutoa moshi mweupe mzito.

Muulize bibi, moshi ulikuwa rangi gani?

#8 Kapteni_Mnazi
Mpaka sasa magonjwa matatu kwa pikipiki ambayo hakuna hata mmoja wetu aliyeigusa.

#9 Barabara12
#7 nimempigia. Anasema moshi ulikuwa mwingi, majirani walilalamika, ila rangi haikumbuki. Anakumbuka kwamba mzee alikuwa anapima oili kwa kikombe cha chai, "kikombe kimoja kila akijaza".

#10 Kibokoni_Classic
Hapo kwenye kikombe ndipo penyewe. Niko Mombasa, nina Vespa mbili, Sprint na PX. Hizi Vespa za 150 zenye kranki inayofungua na kufunga njia ya petroli yenyewe zinahitaji oili asilimia 2 tu, yaani mililita 20 kwa lita moja. Kikombe cha chai ni kama mililita 200, na tenki lote halifiki lita 10. Kama mzee alikuwa anajaza lita tatu tatu na kikombe kizima, alikuwa anachanganya zaidi ya asilimia 6!

Oili yote hiyo haiungui. Inageuka masizi na kujaa ndani ya ekzosi. Ekzosi ikiziba, moshi hautoki, mchanganyiko mpya hauingii, injini inachemka na kufa. Nimewahi kukata ekzosi ya jirani yangu kwa msumeno, ndani mlikuwa na tundu la kupitisha kidole tu.

#11 Mzee_Sambaa
Vijana, msimcheke marehemu. Vespa za miaka ya 1950 zilikuwa zinatumia asilimia 5, ndivyo kiwanda kilivyoagiza. Mtu aliyejifunza kwenye hizo aliendelea na mazoea hayo hata alipopata mpya. Na oili ya zamani haikuwa kama hii ya sasa.

#12 Kibokoni_Classic
#11 shikamoo mzee. Ni kweli kabisa, asilimia 5 ilikuwa ya zile za mwanzo. Kwa VLB1T iwe 2.

#13 Mzee_Sambaa
Marahaba. Hapo tuko pamoja.

#14 Fundi_Kimya
Mnazungumzia kuzima wakati haijawaka. Kwanza injini imekwama. Mtoa mada, usirukie kiki. Ukilazimisha utavunja meno ya gia ya kiki, na hiyo inakaa ndani, lazima upasue kasha zima la injini kuibadilisha.

Fanya hivi. Toa plagi. Mimina dizeli iliyochanganywa na oili ya giaboksi ya otomatiki kwenye tundu la plagi, iache siku kadhaa, ongeza kila ikishuka. Kisha fungua kifuniko cha feni ya flaiwili. Huku pwani nyigu wa udongo wanapenda kujenga humo, na udongo wao ukikauka unashika mapezi ya feni kama saruji. Nimeona injini nzima kabisa ikihukumiwa "imejam" kwa sababu ya kiota. Kisha tia gia ya nne, sukuma mbele na nyuma taratibu. Gurudumu lina nguvu kuliko kiki na haliumizi kitu.

Ikizunguka, usiiwashe. Fungua kwanza.

#15 Gerezani_Tena
Naongezea kwa #14. Hofu yangu mimi kwa chombo cha Pangani ni beringi za kranki. Hewa ya chumvi, unyevu umekaa chini ya kasha miaka yote hiyo. Ringi za pistoni zikishika kutu unaweza kuchonga bloki, ukaweka pistoni ya ovasaizi, maisha yanaendelea. Lakini kwenye injini hii uso wa duara wa kranki ndio mlango wa petroli. Unazunguka karibu kabisa na kitako kilichochongwa ndani ya kasha. Kranki ikiota kutu na mtu akailazimisha kuzunguka, inakwangua kile kitako. Kikishakwaruzwa, injini inarudisha petroli kwenye kabureta, kuwaka ni shida, na kasha lenyewe ndilo limeharibika.

#16 Mpiga_Spana
#15 umemaliza. Hata mimi nisingeizungusha kwa gurudumu kabla ya kumimina dizeli upande wa kabureta pia.

#17 Fundi_Kimya
Sawa, hilo nalikubali. Mimina pande zote mbili.

#18 Mama_Zuhura
Habari wapendwa. Mnapigania beringi na mmesahau karatasi. Kadi ni ya marehemu. Huyo bibi ana haki gani ya kuuza? Ndugu yangu alinunua shamba la Honda... samahani, shamba pamoja na Honda, kwa mjane, wakatokea watoto wa mke mkubwa, kesi ikaenda mpaka mwisho na Honda ikarudi.

Utaratibu: familia ikae, impendekeze msimamizi wa mirathi, waende Mahakama ya Mwanzo, ateuliwe. Huyo aliyeteuliwa ndiye anayesaini mauziano, na kwa karatasi hizo ndiyo TRA wanaweza kubadilisha umiliki. Bila hivyo unanunua ugomvi.

#19 Barabara12
#18 asante dada. Watoto wapo wawili, mmoja Tanga mmoja Dodoma. Nitawaomba wakae.

#20 Kapteni_Mnazi
Ile kesi ya Honda na shamba nimeipenda, tuletee uzi wake.

#21 Mlandege_Boy
Mtoa mada, kitu kingine. Nenda na kitambaa na mafuta ya taa, sugua namba ya injini. Imegongwa kwenye ule mkono wa injini, karibu na shokapu ya nyuma. Bodi ya Sprint huanza na VLB1T na injini yake VLB1M. Herufi ya mwisho, T ni ya bodi, M ni ya injini, Vespa zote kubwa za Piaggio, kampuni inayoziunda, ni hivyo: PX 150 ni VLX1T na VLX1M. Zikipishana, ujue injini si yake. Taa ya duara na rimu za 10 zaonyesha ni Sprint Veloce, iliyotoka 1969. Sprint ya kabla yake taa yake ina pembe nne.

#22 Barabara12
Mrejesho wa Jumamosi.

Nimeenda na mpwa wangu. Nyigu wa udongo walikuwemo! Nusu ya feni ilikuwa imejengwa. Tumekwangua taratibu kwa kijiti, tukamimina dizeli pande zote mbili kama mlivyosema. Flaiwili sasa inacheza kidogo sana, labda upana wa kidole, kisha inagoma. Hatukuilazimisha.

Namba ya injini SI VLB1M. Kasha limeandikwa Bajaj.

Bi mkubwa anakumbuka injini "ilibadilishwa Tanga". Nilipomwonyesha namba na kadi, mwanawe wa Tanga alikuwepo, wakakubaliana laki tano na nusu, mirathi kwanza.

#23 Mpiga_Spana
Chetak hiyo. Bajaj walianza kuunda Vespa India kwa leseni ya Piaggio mwanzoni mwa miaka ya 1960, leseni ikaisha, na mwaka 1972 wakatoa Chetak kwa jina lao wenyewe, ikiwa ni Sprint kwa umbo na mashine. Kwa hiyo injini imekaa mahali pake, haijalazimishwa.

#24 Kibokoni_Classic
Kwa mtu anayejali thamani ya asili, ile Sprint imeshuka bei sana bila injini yake. Mimi nisingetoa hata laki nne. Tafuta injini ya VLB1M uirudishe kama ilivyotoka Pontedera, kiwandani kwa Piaggio Italia.

#25 Fundi_Kimya
#24 sikubaliani. Jamaa kasema anataka kuitembelea. Spea za Chetak na za LML, kampuni nyingine ya India iliyounda Vespa, zilijaa India, pistoni, ringi, klachi, msalaba wa gia, vyote vinapatikana kwa urahisi kuliko vya Italia. Injini ya Bajaj ni faida kwake.

Ila uwe makini na bloki. Hesabu njia za pembeni ambazo mchanganyiko unapandia. Chetak nyingi zina njia mbili, Sprint Veloce ina tatu. Duka likikupa bloki "ya Vespa 150" bila kuangalia, inaweza kufunga boliti vizuri na bado isioane na kasha.

#26 Kibokoni_Classic
Faida ya spea naijua. Lakini kila tukisema hivyo, zinabaki Sprint ngapi nzima pwani hii? Zilizokuwa Mombasa zimenunuliwa, zimepakiwa kwenye makontena zikaenda Ulaya. Zilizobaki tunazichanganya. Inaniuma.

#27 Mama_Zuhura
Na kadi je? Kama kadi ina namba ya injini ya zamani, mabadiliko ya injini lazima yaandikishwe. Ukikaguliwa namba zisipofanana utaonekana mwizi wa Vespa ya marehemu.

#28 Barabara12
#27 kadi ina VLB1M. Nitalishughulikia pamoja na mirathi.

#29 Gerezani_Tena
Subirini. Kuna jambo kubwa hapa na mnalipita. Injini ilibadilishwa. LINI? Kabla ugonjwa wa Kigombe haujaanza au baada?

Kama ugonjwa ulikuwepo, wakabadili injini, na ugonjwa ukaendelea, basi kondensa haihusiki, sili hazihusiki, maana hivyo viliondoka na injini ya zamani. Kinachobaki ni vile ambavyo havikubadilishwa: tenki, kizibo, bomba la petroli, koili ya nje, waya. Yaani kizibo changu.

#30 Mpiga_Spana
Na kama ulianza BAADA ya kubadili, wamefunga injini ya mtumba yenye kondensa yake chakavu.

#31 Mlandege_Boy
Au yenye sili chakavu.

#32 Kibokoni_Classic
Na ekzosi? Mara nyingi fundi akibadili injini anairudisha ekzosi ile ile.

#33 Barabara12
Nimeuliza. Bi mkubwa anasema ilianza kabla. Mwanawe wa Dodoma anasema baba hakuwahi kulalamika Vespa kuzima hadi walipofunga hiyo injini. Wa Tanga anasema alikuwa shule ya bweni.

#34 Kapteni_Mnazi
😂😂 Mahakama ya Mwanzo iamue na hili.

#35 Mama_Zuhura
Mimi ninayo Chetak, nimeirithi kwa kaka na ninaiendesha mwenyewe kwenda kazini. Ilikuwa inazima Mkwakwani kila mchana. Kondensa mpya, bado. Kizibo, bado. Mwisho kijana mmoja akagundua bomba la petroli ni refu kupita kiasi. Tenki likirudishwa mahali pake, bomba linajikunja, na likipata joto linalegea na kujibana zaidi. Alilikata, likakaa sawa. Basi.

#36 Mzee_Sambaa
Hilo la bomba ni la kweli, nimeliona. Lakini na koili ya ndani msiisahau, ile iliyo kwenye bamba nyuma ya flaiwili inayozalisha umeme wa cheche. Waya wake ni mwembamba mno. Ukipata moto unatanuka, ukikatika kidogo ndani ya maganda yake unaachana, ukipoa unagusana. Dalili ni zile zile za kondensa. Wengi walibadilisha kondensa wakawa hawaponi kwa sababu hiyo. Ipimwe ikiwa ya moto.

#37 Mpiga_Spana
Mzee hapo umenipata. Ila bado naanza na kondensa, ni ya bei ndogo.

#38 Mlandege_Boy
Tuje kwenye bati maana hilo laweza kukuharibia zaidi ya injini. Vespa haina fremu ya mabomba. Bodi yenyewe ndiyo fremu, bati limekunjwa na kuchomelewa. Bati la miguu ni sehemu ya uti wa mgongo wake. Sasa fundi asiyejua atakata lote lililooza, na pale pale shingo ya usukani itashuka milimita kadhaa. Atachomelea bati jipya juu ya bodi iliyopinda, na Vespa itakuwa yavuta upande mmoja daima.

Kabla ya kukata, chomelea vyuma vya pembe kutoka shingo ya usukani hadi chini ya kiti, pande mbili. Pima. Kata, weka bati jipya, pima tena, ndipo uvitoe. Na angalia chini, kuna mikunjo inayopita mapana ya bati, humo maji ya chumvi hukaa. Ukiona tundu juu, ujue chini kumeoza mara tatu.

#39 Fundi_Kimya
Na puti isitumike kuziba tundu. Puti ni ya kulainisha uso. Ninapoona Vespa inang'aa nagonga chini kwa kucha, ikilia "dub dub" naondoka.

#40 Kapteni_Mnazi
Nauliza kwa nia njema, kwa nini Vespa na si Lambretta? Baba yangu alikuwa na Lambretta, alisema imetulia barabarani kwa sababu injini ipo katikati. Vespa injini imening'inia kulia.

#41 Mzee_Sambaa
Baba yako alikuwa sahihi kuhusu uzito. Lambretta ina fremu ya bomba na injini iko katikati. Innocenti wa Milano waliacha kuziunda mwanzoni mwa miaka ya 1970, mitambo ikauzwa India. Vespa ilichorwa na Corradino D'Ascanio, mhandisi wa ndege, hakupenda pikipiki hata kidogo. Ndiyo maana gurudumu la mbele limeshikwa upande mmoja, kama la ndege. Unabadilisha tairi bila kuchomoa ekseli.

#42 Kapteni_Mnazi
Asante mzee. Leo nimejifunza, na simalizi na neno Boxer.

#43 Fundi_Kimya
Kwa habari ya tairi: rimu ya Vespa ni vipande viwili vilivyofungwa kwa nati. Ziko nati za kuunganisha vipande na nati za kushika gurudumu kwenye ngoma ya breki. Toa upepo WOTE kabla ya kugusa nati za kuunganisha. Tyubu ikiwa na upepo, kipande kinaruka usoni. Kwa chombo kilicholala hivi, nunua tyubu na tairi mpya, 3.50-10, hata kama za zamani zinaonekana nzima.

#44 Gerezani_Tena
Giaboksi weka SAE 90 mpya, usirudishe ile iliyomo.

#45 Mlandege_Boy
#44 hapana, ndugu yangu. SAE 30, mililita 250. Klachi ya Vespa yaogelea ndani ya oili hiyo hiyo ya gia. Ukiweka 90 sahani za klachi zashikana, asubuhi ukitia gia chombo charuka mbele.

#46 Gerezani_Tena
Mafundi wengi hapa Dar wanaweka 90 na zinatembea.

#47 Mlandege_Boy
Zatembea, naam. Waulize wanabadili klachi mara ngapi.

#48 Fundi_Kimya
SAE 30. Naungana na Unguja.

Na plagi iwe ya shingo fupi, nusu inchi. NGK B6HS inakaa sawa. Mtu akikupa ya shingo ndefu kwa sababu "uzi ni ule ule", ncha itagonga pistoni.

#49 Barabara12
Wakuu nashukuru sana. Hadi sasa: familia imekubali kumpeleka mtoto wa Tanga awe msimamizi. Vespa inabaki stoo mpaka karatasi zitoke, ila wameniruhusu kuendelea kumimina dizeli. Nitafungua injini yote, niweke sili mbili mpya, beringi mpya, kondensa, bomba na kizibo. Nitakata ekzosi niione. Bei ya bati la miguu nimetajiwa Tanga, nimeona kubwa. Unguja yapatikana?

#50 Gerezani_Tena
Ukibadili vyote kwa mpigo ikapona, hatutajua nani alikuwa sahihi humu.

#51 Kibokoni_Classic
Afadhali apone yeye. Ila badili kizibo na bomba kwanza uone, ni kazi ya nusu saa.

#52 Mlandege_Boy
#50 😄 #49 bati laletwa tayari limekunjwa, la India, ila pima kwanza upana wa lako kutoka ukingo hadi ukingo, pamoja na umbali kutoka handaki la katikati. Ya PX na ya Sprint hayafanani. Nitumie vipimo kwa ujumbe wa faragha, nitamuuliza jamaa wa Darajani. Kusafirisha kwa boti mpaka Tanga au Dar, ulizia ushuru bandarini kabla hujalipa dukani.

#53 Mpiga_Spana
Ile kondensa kuukuu ikitoka usiitupe. Ipashe moto kwenye kikaango kisha ipimwe, utuletee majibu.

#54 Mzee_Sambaa
Bora zaidi ipimwe pamoja na koili ya ndani.

#55 Kinyozi_wa_Korogwe
Samahani naingilia. Mimi nina Honda XL125S ya baba, alikuwa bwana shamba. Volti 6, taa zinapepesa ukiachia mafuta. Naweza kufunga vitu vya volti 12 vya pikipiki za Kichina?

#56 Fundi_Kimya
#55 si kwa kubadili betri na balbu tu. Koili za chaji za ndani nazo zinahusika. Fungua uzi wako, weka picha ya rektifaya na rangi za waya, tutakuja.